Kutoka mashindanoni hadi YouTube: mwongozo kamili kwa mchezaji wa gemu anayetaka kuishi kwa video

Michael Grzesiek, maarufu kwa jina la shroud, aliichezea timu ya Cloud9 katika gemu la Counter-Strike: Global Offensive kuanzia 2014. Agosti 2017 alitoka kwenye kikosi cha kwanza, na Aprili 2018 akatangaza kustaafu. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo kazi yake ya pili ilipokomaa: alikuwa Twitch, jukwaa la video za laivu, akicheza gemu la PUBG, mbele ya watazamaji wengi kuliko aliokuwa nao akiwa mshindani. Tyler Blevins, yaani Ninja, alianza na mashindano ya Halo mwaka 2009 na dunia ikamjua 2018 kupitia Fortnite. Matthew Haag, Nadeshot, alikuwa na chaneli kubwa ya YouTube huku bado ni nahodha wa timu ya OpTic Gaming kwenye Call of Duty. Mwaka 2017 akaanzisha timu yake, 100 Thieves.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri kustaafu ndipo afungue chaneli. Mwongozo huu umeandikwa kwa mchezaji ambaye bado yuko mashindanoni, au ametoka juzi juzi, awe ni wa eFootball kwenye simu, Tekken kwenye PlayStation au Valorant kwenye kompyuta. Unagusa pia mambo ya huku kwetu: umeme, bando, kodi, na pesa kufika benki.

Hatua ya 1: Usome mkataba wa timu hadi ukurasa wa mwisho

Wachezaji wengi husaini wakiangalia mshahara na mgawo wa zawadi. Vipengele vinavyobana chaneli hukaa nyuma zaidi. Tafuta vitu vinne: nani anamiliki chaneli na akaunti zako za mitandao, timu ina haki gani juu ya jina, sura na jina lako la kichezaji, na kwa muda gani baada ya mkataba kuisha, ni bidhaa zipi umekatazwa kutangaza kwa sababu zinashindana na wadhamini wa timu, na kama kuna idadi ya saa unazotakiwa kwenda laivu kila mwezi. Kama jina lako la kichezaji limesajiliwa na timu, lizungumzieni mapema. Kubadilisha jina baada ya miaka minne ya kujulikana ni kuanza upya.

Picha za mechi za mashindano si zako. Ni za mwandaaji. Ukitaka kuchambua fainali uliyocheza, omba ruhusa kwa maandishi, au tumia marudio ya mechi yanayohifadhiwa ndani ya gemu lenyewe, ambayo unaweza kuyafungua na kuyarekodi kwenye mashine yako.

Chaneli ifunguliwe kwa barua pepe yako binafsi, si ya timu, na iwe na uthibitisho wa hatua mbili. Hapa kuna wizi unaowakumba sana watengeneza video wa gemu. Inakuja barua pepe ya "udhamini" ikiwa na faili la mkataba au la gemu jipya la kujaribu. Ukilifungua, programu iliyofichwa humo huiba kumbukumbu ya kuingia kwenye kivinjari chako, na mwizi anaingia bila kuulizwa nenosiri wala namba ya uthibitisho. Kesho yake chaneli yako inatangaza sarafu za kidijitali. Kinga ni nyepesi: faili la mtu usiyemjua lifunguliwe kwenye simu au kifaa kingine ambacho hakijaingia kwenye akaunti ya chaneli, na mkataba wowote wa kweli usomwe kama PDF, kamwe usiwe programu ya kusakinishwa.

Hatua ya 2: Amua unauza nini

Ushindi ukirekodiwa peke yake hauna soko kubwa. Mtazamaji anaweza kupata mabao mazuri na mauaji ya kustaajabisha popote, bure, kutoka kwa watoto wa miaka 15 wenye vidole vyepesi kuliko vyako. Alichonacho mchezaji wa kulipwa ambacho hao hawana ni jicho: anajua kwa nini. Na vidole vikianza kuchelewa, jicho linabaki.

Njia ya kuligeuza jicho kuwa video ni hii. Chukua marudio ya mechi moja. Simamisha kila unapofikia uamuzi, na uandike mistari mitatu: niliona nini, nilidhani mpinzani atafanya nini, nikafanya nini. Mechi ya dakika 12 ya soka la kompyuta itakupa maamuzi 20 hadi 30. Chagua moja tu. Video nzima iwe juu ya hilo moja.

Mfano: wanaoanza eFootball na EA Sports FC hufungwa kwa sababu ile ile kila mara. Wanamchukua beki wa kati na kumkimbiza mwenye mpira, nafasi inabaki wazi nyuma yake, pasi moja inapita, bao. Mchezaji mzoefu anamchukua kiungo mkabaji, anaziba njia ya pasi, na kuacha mabeki wasogezwe na mashine. Hiyo ni video kamili: dakika 9, klipu 4 za kosa, klipu 4 za suluhisho, zoezi moja la kufanya. Ukichanganya na upigaji wa kona na mpangilio wa kikosi katika video hiyo hiyo, mtazamaji anaondoka bila kukumbuka lolote.

Kuhusu lugha, uamuzi ni wa kibiashara. Matangazo hulipa kulingana na mahali alipo mtazamaji, na mtangazaji anayelenga Marekani au Ujerumani hulipa zaidi ya anayelenga Dar es Salaam. Hivyo chaneli ya Kiingereza inaweza kuleta pesa nyingi zaidi kwa kila maelfu ya watazamaji, lakini unashindana na dunia nzima, wakiwemo mabingwa wa dunia wenyewe. Kwa Kiswahili ushindani ni mdogo, na mdhamini wa hapa, mfano kampuni ya simu au duka la vifaa, anataka watazamaji wa hapa hapa. Mchezaji ambaye jina lake halijavuka mipaka ana nafasi nzuri zaidi kuanzia kwenye Kiswahili. Aliyevuka, kama Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow kwenye Tekken, ana hadhira ya lugha mbili na anaweza kuchagua. Kuchanganya lugha mbili kwenye chaneli moja, video hii Kiswahili na ile Kiingereza, ni kosa: YouTube inapeleka video mpya kwa waliotazama iliyopita, nusu yao hawaelewi, hawabofyi, na video inakufa siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Nunua maiki kabla ya kitu kingine chochote. Watu huvumilia picha mbaya. Sauti ya mwangwi wanaikimbia ndani ya sekunde kumi. Maiki ya USB ya kawaida, ikikaa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiipige, inashinda maiki ya bei kali iliyowekwa mita moja mbali. Chumba cha bati na sakafu ya saruji kinarudisha sauti. Tandika zulia, tundika blanketi zito ukutani nyuma ya maiki na jingine nyuma yako. Feni ya juu izimwe wakati wa kurekodi, hata Machi.

Cha pili ni diski ya nje au SSD, kwa sababu video za gemu hula nafasi. Cha tatu ni UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, kwa ajili ya kompyuta na ruta. Haihitaji kuwa kubwa: dakika 5 hadi 10 zinatosha kufunga rekodi na kuzima salama. Kamera ya uso inakuja mwisho. Chaneli za mafunzo zinaishi vizuri bila uso kwa mwaka mzima, na simu uliyonayo ikiwekwa kwenye kitegemeo mbele ya dirisha ni kamera tosha.

Anayecheza kwenye simu: Android 10 na kuendelea hurekodi mlio wa ndani wa gemu bila kupitia maiki. Washa hali ya kutosumbuliwa kabla ya kuanza, maana ujumbe wa M-Pesa wenye salio lako ukitokea juu ya kioo katikati ya mechi, utabaki mtandaoni milele. Tatizo linalosumbua zaidi ni maiki ya rekodi kunyamaza pale unapowasha mazungumzo ya sauti ndani ya gemu, kwa kuwa gemu linakuwa limeishika maiki. Tatua kwa kurekodi sauti yako kwenye simu ya pili, kisha piga makofi mara moja mwanzoni ili upate pa kuoanisha wakati wa kuhariri.

Anayecheza PlayStation anaweza kuanza na kitufe cha kurekodi cha mashine yenyewe. Akihitaji ubora zaidi au laivu yenye mpangilio wake, atanunua kadi ya kunasa picha inayounganisha HDMI ya PlayStation na kompyuta. Ukiiunganisha ukaona kioo cheusi, usikimbilie kuirudisha dukani: ingia kwenye mipangilio ya PlayStation uzime HDCP, ulinzi unaozuia kunakili picha. Karibu kila mara ndiyo sababu.

Hatua ya 4: Kurekodi bila kupoteza kazi

OBS Studio, programu ya kurekodi na kwenda laivu, ni bure na inatosha. Mipangilio ya kuanzia kwenye kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA: ukubwa 1920 × 1080, fremu 60 kwa sekunde, kisimbaji (kinachobana video) NVENC, udhibiti wa ubora CQP kwenye namba 20. Namba ikishuka ubora unapanda na faili linavimba. 18 hutoa faili kubwa mno, 23 ubora wake unavumilika. Saa moja inaweza kufika GB 15 au zaidi, kwa hiyo uwe na nafasi kabla hujaanza.

Aina ya faili iwe MKV, si MP4. Sababu ni umeme. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika dakika ya 50, faili zima halifunguki. MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Ukimaliza, OBS yenyewe ina sehemu ya kuigeuza MKV kuwa MP4 ndani ya sekunde chache bila kupunguza ubora.

Tenganisha sauti. OBS inaruhusu njia sita: weka kila kitu kwenye ya kwanza, maiki peke yake kwenye ya pili, gemu kwenye ya tatu, na mazungumzo ya wenzako kwenye ya nne. Bila hivyo, mwenzako akitukana wakati unaeleza jambo zuri, huna cha kukata. Ongea kwa sauti yako ya kawaida na urekebishe maiki hadi vilele vifike kati ya -12 na -6 dB. Vikigusa 0 sauti imepasuka na hakuna programu ya kuirudisha.

Hitilafu zinazojirudia na chanzo chake:

- Sauti inaachana na picha kadiri video inavyosonga. Kifaa kimoja kiko kwenye 44.1 kHz na kingine 48 kHz. Weka vyote 48, Windows na OBS. Kwa klipu za simu, chanzo ni idadi ya fremu inayobadilika-badilika. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, ukichagua fremu zisizobadilika.
- Kioo cheusi kwenye laptopu. Gemu linatumia kadi moja ya picha na OBS nyingine. Nenda mipangilio ya picha ya Windows, ziweke zote mbili kwenye kadi moja.
- Rekodi inakwamakwama ilhali gemu linakwenda laini. Kadi ya picha imefika mwisho wa uwezo na haina nafasi ya OBS. Weka kikomo cha fremu ndani ya gemu, tuseme 120 badala ya kuliacha likimbie lipendavyo.

Rekodi jaribio la dakika moja kila siku kabla ya kazi, lisikilize kwa spika za masikioni. Sasisho la usiku la Windows linaweza kubadilisha maiki kimyakimya.

Hatua ya 5: Maandishi, kuhariri, kava

Anza na kichwa na kava, yaani picha ya mbele ya video, kabla hujarekodi. Ukishindwa kusema video inahusu nini kwa maneno manane, wazo halijaiva.

Kisha andika sekunde 30 za kwanza neno kwa neno. Zilizobaki ziwe vidokezo. Mwanzo unaofaa unaonyesha tatizo kwa picha ndani ya sekunde tano, unasema mtazamaji atapata nini, na unaingia kazini. Salamu ndefu, "karibuni tena kwenye chaneli yenu pendwa", wimbo wa utangulizi wa sekunde 15 na ombi la kubonyeza kengele: vyote vinakatwa. Ukifungua grafu ya YouTube inayoonyesha watazamaji wanavyopungua, utaona mteremko mkali hapo hapo.

Wachezaji wa kulipwa wana tatizo lao maalumu katika kueleza. Wanaruka hatua. Kwao kuweka alama ya kulenga kwenye usawa wa kichwa kabla ya kukata kona ni kama kupumua, basi hawalisemi, na mwanafunzi haelewi kwa nini anakufa kila siku pale pale. Mpe mchezaji wa kiwango cha chini video kabla ya kuipakia, umwambie akueleze amejifunza nini. Asipoweza, rudi kwenye maandishi.

Kwa kuhariri, DaVinci Resolve ya bure inatosha kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 16, na CapCut kwenye simu. Mpangilio unaookoa muda: kata kwanza kila kimya na kila kurudia, halafu panga klipu za mfano, halafu mishale na maandishi, sauti iwe ya mwisho. Mlio wa gemu ukae chini ya sauti yako kwa dB 12 hadi 18, na video nzima ilenge -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kiwango ambacho YouTube hushushia video zenye kelele zaidi. Iliyo chini sana haipandishwi, kwa hiyo ukiipakia ikiwa dhaifu itabaki dhaifu.

Dakika 8 zina maana yake: kuanzia hapo unaruhusiwa kuweka matangazo katikati. Lakini mada ya dakika 5 ikivutwa hadi 8 itakimbiwa kwenye dakika ya 4, na tangazo ulilolingoja halitaonwa na mtu.

Kava liwe 1280 × 720. Kitu kimoja kikubwa, maneno yasiyozidi manne, na kona ya chini kulia iachwe wazi kwa kuwa YouTube huweka muda wa video hapo. Lipunguze hadi upana wa kidole gumba ulitazame kwenye simu yenye mwanga mdogo. Ndivyo watazamaji wako wengi watakavyoliona. YouTube inaruhusu kupakia makava hadi matatu kwa video moja na yenyewe ikapima lipi linatazamwa zaidi. Tumia hilo badala ya kubishana na marafiki.

Hatua ya 6: Bando na laivu

Hesabu kabla hujapakia. Video ya 1080p iliyotolewa kwa megabiti 12 kwa sekunde ni MB 90 kwa dakika; dakika 10 ni MB 900. Laivu kwa kilobiti 4,500 kwa sekunde hula karibu GB 2.1 kwa saa. Kwa kilobiti 2,500, ambayo inafaa 720p yenye fremu 30, ni GB 1.1 na ushee. Saa nne mara tano kwa wiki kwa kiwango cha juu ni zaidi ya GB 40 kwa wiki, mbali na gemu lenyewe na masasisho yake. Bando la simu halikubebi hapo. Ndiyo maana ushauri wa kuanza na laivu, unaorudiwa sana na wanaoishi Ulaya na Marekani, haufai kwa wengi hapa: anza na video zilizohaririwa, pakia usiku, laivu ije ukipata intaneti ya waya isiyo na kikomo.

Siku hiyo ikifika, pima kasi ya kupandisha mara tatu: asubuhi, jioni, na saa tatu usiku. Chukua matokeo mabaya kuliko yote, igawanye kwa mbili. Hicho ndicho kiwango chako. Tumia waya kutoka kwenye ruta, udhibiti wa CBR (kiasi cha data kisichobadilika), na fremu kuu (keyframe) kila baada ya sekunde 2. Kwa mara ya kwanza YouTube itakuchelewesha hadi saa 24 kabla ya kukuruhusu kwenda laivu, hivyo iwashe kabla ya siku uliyotangaza. Tangu Julai 2025 umri wa chini wa kwenda laivu peke yako ni miaka 16.

Laivu ikikwama, fungua dirisha la takwimu la OBS, kwa sababu kuna fremu za kupotea za aina tatu na kila moja ina dawa yake. Zikipotea kwenye mtandao, punguza kilobiti. Zikipotea kwenye usimbaji, punguza fremu au ukubwa wa picha. Zikipotea kwenye uchoraji, punguza ubora wa picha ndani ya gemu. Wengi hulaumu kampuni ya intaneti kwa kosa la kadi ya picha.

Weka ucheleweshaji wa sekunde 30 au zaidi kwenye gemu za kujificha na kuwindana, la sivyo wapinzani watakutazama na kujua ulipo. Na mtafute mtu wa kusimamia gumzo kabla ya matusi ya kwanza.

Saa tatu za laivu zikatwe klipu fupi za wima kesho yake. YouTube sasa inapokea video fupi hadi dakika 3. Klipu moja iwe na tukio moja lililokamilika, na imwelekeze mtu kwenye video ndefu ya mada hiyo hiyo. Klipu zenyewe hazileti pesa nyingi.

Hatua ya 7: Pesa

Ili kupata mgawo wa matangazo YouTube unahitaji watu 1,000 waliojiunga, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani katika miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi katika siku 90. Kuna ngazi ya chini zaidi, ya watu 500, inayofungua michango ya mashabiki katika nchi inakopatikana. Mgawo wako ni 55% ya matangazo ya video ndefu, 45% ya fungu lako kwenye video fupi, na 70% ya uanachama na michango ya gumzo.

Malipo hupitia AdSense, mfumo wa Google wa kulipa mapato ya matangazo, na mwenye akaunti lazima awe na miaka 18. Mchezaji mdogo zaidi anatumia ya mzazi. Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani. Hapa wengi hukwama miezi. Usiandike jina la mtaa na maelezo ya "karibu na msikiti". Tumia sanduku la posta ambalo mtu hulifungua kweli, hata kama ni la shule au ofisi ya ndugu, kwa idhini yake. Pesa hutoka salio likivuka dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Uliza benki yako mapema inakata kiasi gani kupokea dola kutoka nje na kama jina la akaunti linafanana herufi kwa herufi na la AdSense.

Jaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ndani ya AdSense. Usipojaza, Google inaweza kukata hadi 24% ya mapato yako yote ya duniani. Ukijaza, inakatwa sehemu ya watazamaji wa Marekani tu, kwa 30%, kwani Tanzania, Kenya na Uganda hazina mkataba wa kodi na Marekani. Tuseme mwezi umeingiza dola 200, na 40 kati yake zimetoka kwa watazamaji wa Marekani: ukiwa na fomu unakatwa 12, bila fomu hadi 48. Fomu hurudiwa kila miaka mitatu.

Nyumbani nako kuna kodi. Kenya, tangu Julai 2023, na Tanzania zote zina kodi ya zuio ya 5% kwa malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali, inayokatwa na kampuni ya ndani inayokulipa. Omba cheti cha zuio kila mara. Pesa za Google unazitangaza mwenyewe kwenye ritani. Tanzania pia ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu 2018. Waulize wao kwa maandishi kama aina ya chaneli yako inahitaji leseni, uhifadhi jibu.

Kamwe usibofye matangazo yako, wala usiwaombe ndugu waache video zikicheza usiku kucha. Google huona mtiririko huo, hurudisha pesa kwa watangazaji, na inaweza kufunga AdSense bila njia rahisi ya kuirudisha.

Udhamini ndio utakaokulisha kabla ya matangazo. Mkataba wa udhamini useme: video ngapi, sekunde ngapi ndani ya kila moja, mara ngapi mdhamini anaruhusiwa kudai marekebisho (mbili zinatosha), sura yako itatumika miezi mingapi, washindani gani umezuiwa, na malipo siku gani. Dai nusu kabla ya kurekodi. Washa alama ya "ina matangazo ya kulipiwa". Kampuni za kubeti mara nyingi ndizo za kwanza kupiga simu na hulipa haraka, ila tangu Machi 2025 YouTube hairuhusu kuelekeza watu kwenye tovuti za kubeti ambazo Google haijazikubali, na video za namna hiyo huwafungia mlango wadhamini wengine. Watazamaji wako wengi ni wanafunzi. Tunaona heri uzikatae.

Hatua ya 8: Haki miliki

Kampuni nyingi za gemu huruhusu video zenye matangazo mradi zina maelezo yako mwenyewe na hazifichwi nyuma ya malipo. Soma sera ya kila gemu. Hatari kubwa ni muziki. Nyimbo za kwenye menyu ya gemu za soka na redio za Grand Theft Auto zina wamiliki wengine. Zima muziki kwenye mipangilio kabla ya kurekodi. Gemu nyingi zina hali maalumu ya watu wa laivu.

Tofautisha dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wengine ndani ya video, na onyo la hakimiliki. Dai huchukua mapato ya video hiyo moja, nawe unaweza kukata kipande chenye wimbo ukabaki nayo. Onyo ni jambo jingine: hudumu siku 90, na matatu kwa pamoja hufunga chaneli. Klipu za Ligi Kuu ya Uingereza halisi, hata sekunde kumi za kulinganisha bao, ziache kabisa.

Hatua ya 9: Ratiba, msaidizi, na gemu likifa

Ukiwa bado mashindanoni, video moja kwa wiki inatosha, na chanzo chake kiwe mazoezi unayofanya tayari. Video ya dakika 9 itakula saa 8 hadi 12 mwanzoni. Rekodi mbili siku moja, hariri siku mbili zinazofuata, acha siku kabla ya mechi tupu. Kiganja kinachouma baada ya mazoezi hakipumziki kwa kuhariri kwa kipanya usiku. Tumia vitufe vya mkato na ubadilishe mkono ikiwezekana.

Mhariri ajiriwe pale kuhariri kunapokuzuia kurekodi, na pale udhamini wa mwezi mmoja unaweza kumlipa kwa miwili. Mlipe kwa video, siyo kwa asilimia ya matangazo, kwa sababu mapato ya Januari hushuka watangazaji wanapobana bajeti baada ya Desemba na yeye hatakuelewa. Mpe ruhusa ya mhariri ndani ya YouTube Studio, nenosiri usimpe.

Jukwaa linaweza kufa pia. Ninja na shroud walihamia Mixer ya Microsoft mwaka 2019. Julai 2020 ikafungwa, na shroud akarudi Twitch Agosti mwaka huo. Walikuwa na mikataba minono ya kuwalinda. Wewe hakikisha video zako zote ziko kwenye diski yako, na mashabiki wana pa kukufuata pa pili, iwe Discord, WhatsApp au TikTok.

Gemu likianza kupungua watu, usihame kwa siku moja. Kwa miezi miwili, video moja kati ya nne iwe ya gemu jipya, lililo karibu na la zamani: kutoka Counter-Strike kwenda Valorant, siyo kwenda gemu la kilimo. Fungulia kila video kwa kitu ambacho mtazamaji wako wa zamani anakijua, halafu mwonyeshe kinavyobadilika upande wa pili. Angalia wangapi kati ya waliojiunga wanaibofya. Ikifika nusu ya mitazamo ya video zako za kawaida, ongeza hadi mbili kati ya nne. Isipofika baada ya video nane, jaribu gemu jingine kabla hujaliacha la kwanza.